Njia ya Gango

Saa kumi na mbili asubuhi, kivuko cha Likoni hakina nafasi ya mtu kujinyoosha. Watu wanateremka kwa haraka, bega kwa bega, macho kwenye feri inayokuja. Asubuhi niliyoanza matembezi haya umati ulipasuka katikati kumpisha kijana mmoja wa magongo. Mguu wake wa kulia, chini ya goti, ulizungukwa na vyuma kwa nje, pini zimezama nyamani kama misumari kwenye ubao wa jahazi. Nyuma yake alimfuata mama aliyekumbatia bahasha kubwa ya picha za eksirei. Hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi. Mtu wa Likoni mwenye vyuma mguuni na bahasha ya eksirei anakwenda Makadara, ndivyo tunavyoiita Hospitali Kuu ya Pwani, kisiwani, ng'ambo ya maji. Wala hakuna aliyeuliza kilichompata. Siku hizi jibu ni moja: pikipiki.

Nilikuwa nimejipangia kuifuata njia ya zamani, njia ya mfupa uliovunjika huku kwetu bara: Likoni, Changamwe, Kisauni. Nilitaka kujua wazee wetu waliuungaje, nani alikuja na nini baadaye, na kwa nini mtu aliyepasuliwa vizuri kabisa hurudi baada ya mwaka akichechemea kuliko yule aliyefungwa vijiti uani. Sikuanzia hospitali wala maktaba. Nilianzia kwenye kamusi.

Kiswahili kina neno gango. Ni kile kinachoshika vitu viwili vikae pamoja: kipande cha mti kinachofungwa kwenye mfupa uliovunjika, au kiraka cha chombo kilichopasuka. Kuganga ni kufunga, kushikanisha, na ndipo alipotoka mganga. Sisi tumemzoea mganga kuwa mtu wa dawa na tunguri, lakini ndani ya jina lake kuna mtu mwenye kamba na vijiti, anayefunga kilichoachana. Nikiulizwa historia ya upasuaji wa mifupa kwa neno moja, nitasema hilo. Kila kilichovumbuliwa, kuanzia fito hadi chuma cha pua, ni gango. Mfupa hujiunga wenyewe, na kazi ya binadamu ni kuushika usitikisike mpaka umalize.

Mimi mwenyewe niliwahi kufungwa. Nilikuwa na miaka tisa nilipoanguka kutoka kwenye mwembe wa ngowe nyuma ya nyumba yetu Likoni, na mkono wa kushoto ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Wakati huo wa maembe watoto huanguka kama matunda yenyewe, na huo ndio mfupa wanaouvunja. Nyanya hakutaka habari za feri. Alituma mtu amwite mzee mmoja aliyejulikana mtaa mzima kwa kuunga mifupa. Alikuja na fito nne zilizochongwa zikawa laini, kipande cha leso kuukuu, manjano na mafuta ya nazi. Aliukanda mkono nikapiga kelele mpaka majirani wakasimama mlangoni, kisha akaufunga.

Ninalolikumbuka zaidi ni asubuhi zilizofuata. Kila baada ya alfajiri alikuja, akaketi kwenye kibao cha mbuzi kwa kukosa kiti kingine, akanishika ncha za vidole. "Vina moto au baridi? Hiki unakihisi? Na hiki?" Akiona vimevimba alilegeza fundo, akikuta fito zimelegea alikaza. Alifanya hivyo karibu mwezi mzima. Mkono ulipona, ingawa haukunyooka: mpaka leo una pembe ndogo kwenye kiwiko, na fundi nguo hunipimia mkono wa shati wa kushoto peke yake. Daktari angesema mfupa umeunga vibaya. Nyanya alisema nina mkono na ninautumia, basi nimshukuru Mungu.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua yale maswali yalikuwa yanachunga nini. Mwaka 1881 daktari wa Ujerumani, Richard von Volkmann, alieleza ugonjwa wa mikono iliyofungwa bandeji za kukaza kupita kiasi. Damu inazuiliwa, misuli inakufa, kisha inajikunja inapopona, na vidole vinabaki vimekunjamana kama kucha za mwewe maisha yote. Saa sita hivi bila damu zinatosha kuiua misuli. Jeraha linaloleta balaa hilo kwa watoto mara nyingi ni lilelile langu, juu ya kiwiko. Nimewahi kuona mkono wa namna hiyo, wa mtu mzima, aliyefungwa na mwunga mifupa mwingine ambaye hakurudi kutazama. Fito zilikuwa zilezile na mafuta yaleyale. Nimeona pia mguu uliobidi kukatwa kwa sababu ya plasta ya hospitali, si ya kienyeji, iliyowekwa jioni na kusahauliwa hadi asubuhi ya keshokutwa huku mwenyewe akilia kwamba maumivu yanazidi na vidole vimekufa ganzi. Plasta yenyewe ni gango la mwaka 1852 hivi: Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alipaka unga wa jasi kwenye bandeji, akailowesha maji, ikawa jiwe. Jiwe halijui kwamba mguu utavimba.

Basi nikapanda feri na wenzangu, nikavuka. Mkondo huu wa Likoni ni kama nusu kilomita tu, lakini mtu wa bara hauchukulii kirahisi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka jirani hapa, watu 272 wakafa. Mwenye mguu wa vyuma anahesabu mambo mengine: mteremko wa kushuka, mpando wa kutoka, na nauli ya tuktuk kwenda na kurudi, maana feri haimtozi mtembea kwa miguu ila tuktuk haina huruma hiyo.

*

Changamwe nilifika kupitia Makupa, njia iliyopita reli. Uti wa kwanza wa reli ya Uganda ulilazwa Mombasa mwezi Mei 1896, na vibarua wakaivusha Makupa kuingia bara. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa miaka ya ujenzi. Karibu 2,500 walikufa na zaidi ya 6,000 wakarudishwa kwao hawajiwezi, wengi kwa maradhi. Miezi mitano tu kabla ya uti ule, Desemba 1895, Wilhelm Röntgen alikuwa ameuona mfupa wa mkono wa mkewe kwenye bamba la picha huko Würzburg. Kwa hiyo reli na eksirei ni rika moja. Mpaka hapo, kila aliyeunga mfupa duniani, wa Likoni au wa London, aliunga kwa vidole na kwa kukisia.

Ukishuka kutoka Changamwe kuelekea uwanja wa ndege unaingia Port Reitz. Jina lenyewe ni la John James Reitz, luteni wa Kiingereza aliyeachwa kutawala Mombasa mwaka 1824, wakati Mazrui walipotafuta kinga dhidi ya Oman. Hakumaliza hata nusu mwaka, homa ikamuua. Wapo waliokaa hapa miaka themanini na hawana hata kichochoro chenye jina lao. Hayo yapite.

Port Reitz kwa watu wa viungo ina maana nyingine. Kuna hospitali ya serikali, kuna shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo, na ndipo Chama cha Walemavu wa Viungo Kenya, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kilipoweka kazi yake ya pwani: viatu vya chuma, miguu ya bandia, magongo, mazoezi. Mwanzo wa kazi hiyo ni polio. Kiwanda cha namna hii hakina utukufu wa chumba cha upasuaji. Kuna vumbi la jasi, harufu ya ngozi na gundi, tupa, na mguu wa plastiki unaosubiri mwenyewe. Lakini yanayoishia hapa ndiyo yanayosema ukweli kuhusu yanayoanzia kule kwenye taa kubwa. Fundi wa viungo bandia hahitaji kusomewa takwimu. Anapima kisigino, anaona mguu mmoja umepungua, anajua mfupa uliunga ukiwa umepandana.

Mwaka 2008 serikali iliziondolea kodi pikipiki ndogo, na bodaboda zikajaa kila kona, kutoka Magongo hadi Bamburi. Kabla ya hapo mvunjaji mkubwa wa mifupa bara alikuwa mnazi. Mgema aliyeteleza alivunjika kisigino na uti wa mgongo, na mtoto alivunjika mkono. Pikipiki huvunja muundi, ule mfupa wa mbele ya mguu ambao umefunikwa na ngozi tupu, bila nyama. Ukivunjika hutoboa na kutoka nje, ukagusa lami na mchanga. Hilo si jeraha jipya. Tarehe 12 Agosti 1865, Glasgow, mtoto wa miaka kumi na mmoja, James Greenlees, alikanyagwa mguu na gurudumu la mkokoteni, mfupa wa muundi ukatoboa ngozi. Desturi ya siku hizo ilikuwa kukata mguu kabla usaha haujafika damuni. Joseph Lister alifunga kidonda kwa kitambaa chenye asidi ya kaboliki, akakiacha siku nne bila kufungua, na baada ya wiki sita mtoto akawa mzima. Upasuaji wa mifupa wote unaofanyika leo Mombasa umesimama juu ya mguu wa mtoto yule, kwa sababu hakuna anayethubutu kutia chuma ndani ya mfupa kama hana namna ya kuzuia usaha.

Na usaha ndio adui asiyestaafu. Ramón Gustilo, mzaliwa wa Ufilipino, pamoja na John Anderson, walichapisha mwaka 1976 hesabu ya mivunjiko 1,025 ya mifupa iliyotoboa ngozi waliyoitibu Minnesota. Waliipanga kwa ukubwa wa kidonda na uchafu wake, na wakaonyesha kwamba kidonda kikiwa kikubwa, hatari inapanda kwa kasi, na kwamba kukisafisha vizuri na kutoa dawa za kuua vijidudu mapema kunaokoa mguu. Mapema maana yake ni katika saa za mwanzo. Mhesabie sasa kijana aliyeangukia njia ya Ukunda saa mbili usiku: kumpata wa kumbeba, foleni ya feri, hospitali ya kwanza inayomwandikia barua aende ya pili, kusubiri damu, kusubiri vyuma ambavyo jamaa lazima wakavinunue. Wadudu wanaingia kazini wakati huo wote. Wakishakaa juu ya chuma hujijengea utando wa utelezi, na dawa haziwafikii. Kidonda hufunga, mtu hufurahi, kisha baada ya miezi mitano tundu dogo linatoboka kwenye muundi na kutoa usaha na vipande vyeupe vya mfupa uliokufa. Hapo huanza upasuaji wa pili, wa tatu, wa nne. Mwenye kisukari, na pwani yetu haina upungufu wa kisukari, yumo hatarini zaidi. Mvuta sigara naye mfupa wake huchelewa kuunga, au hukataa kabisa.

Chuma cha ndani kina hadithi yake. Gerhard Küntscher, wa mji wa bandari wa Kiel, alianza mwishoni mwa 1939 kupitisha msumari mrefu ndani ya uboho wa paja. Wenzake walimcheka. Vita vilipokwisha, wanajeshi wa Kiingereza na Kimarekani walirudi kwao kutoka vifungoni wakilalamika paja, wakapigwa picha, na madaktari wakaona fimbo ya chuma ndani ya mfupa, na mtu anatembea juu yake. Kabla ya msumari, paja lilivutwa kwa kamba na uzito mwisho wa kitanda, miezi mitatu. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki bado linavutwa hivyo, na ukiingia wodi za wanaume utawajua kwa kamba zao. Mfupa huunga. Lakini magoti hukauka, mgongo huota vidonda, damu huganda miguuni, na nyumbani hakuna aliyeleta mkate kwa miezi mitatu.

Taabu ni kwamba msumari wa ndani hutaka komeo mbili, juu na chini, na komeo ya chini hutafutwa kwa mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji ambayo ni ghali na huharibika. Lewis Zirkle, daktari wa Marekani aliyewahi kutibu majeruhi Vietnam, alibuni msumari wenye mkono wa nje unaoonyesha tundu lilipo bila mashine hiyo, na mwaka 1999 akaanzisha shirika la SIGN huko Richland. Misumari hiyo imefika hospitali kadhaa za Kenya, zikiwemo Tenwek na Kijabe. Kilichonivutia ni sharti lake kuliko chuma chenyewe. Daktari anayepewa misumari anatuma picha za kila mgonjwa, kabla na baada, ndipo anapelekewa mingine, na mgonjwa anaombwa arudi apigwe picha amechuchumaa. Anayeweza kuchuchumaa hadi chini, goti limekunjika na nyonga imekunjika, huyo mfupa wake umeshika. Kipimo hicho kingemfurahisha yule mzee wangu wa fito. Hata choo cha shimo kingekubali ushahidi wake.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kisa chote kwa upande mwingine. Tumezoea kuamini kwamba matokeo huamuliwa mezani, chini ya taa, na kwa hiyo tunauliza jina la daktari na bei ya chuma. Mezani ni saa mbili. Muundi unahitaji miezi minne au zaidi, na gango lolote linaweza kuharibika katikati: komeo ikavunjika, pini ikalegea, vidole vikakauka kwa kutotikiswa. Anayejua mapema huokoa. Mwunga mifupa wa Likoni hakuwa na eksirei wala dawa ya usingizi, na mfupa uliotoka nje ulimshinda kabisa, aliyekubali kuugusa alikuwa anaua. Alichokuwa nacho ni kwamba alikaa nyumba ya tano kutoka kwetu. Hospitali ina hivyo alivyovikosa ila iko ng'ambo, na kadi ya kliniki inasema wiki ya sita, na wiki ya sita haina nauli.

Wala si kwetu tu watu wa fito walipokutana na watu wa visu. Katika karne ya 18 jahazi lilivunjika karibu na kisiwa cha Anglesey, Wales, na inasimuliwa kwamba mtoto mmoja mgeni, asiyejua lugha ya wenyeji, aliokolewa baharini, akalelewa, akaonekana ana mkono wa kuunga mifupa. Wakamwita Evan Thomas. Kazi ikarithiwa, baba kwa mwana, mpaka kitukuu Hugh Owen Thomas akasomea udaktari na kufungua kliniki Liverpool, mji wa meli. Alibuni gango la chuma lenye pete ya kukaa kwenye kinena, akashikilia kwamba mfupa unataka kupumzishwa sana, muda mrefu, bila kukatizwa. Madaktari wenzake hawakumpenda. Alifariki 1891, kisha katika Vita vya Kwanza vya Dunia mpwa wa mkewe, Robert Jones, akalipeleka gango lile mstari wa mbele, na waliovunjika paja wakaacha kufa kwa wingi kama mwanzo. Gango la Thomas lipo mpaka leo katika wodi za Kenya. Ukilitazama vizuri utamwona mwunga mifupa wa kijijini, aliyeletwa na bahari.

*

Kisauni nilikwenda kwa daraja la Nyali, la mwaka 1980. La kwanza, la 1931, lilielea juu ya maji. Nilishuka Kengeleni, penye mnara wa kengele wa Frere Town, kijiji walichowekwa watumwa walioachwa huru kuanzia 1875. Nikaendelea hadi Bombolulu. Karakana za hapa APDK ilizifungua mwaka 1969 ili watu wenye ulemavu wa viungo wajipatie riziki. Wanatengeneza mapambo ya shaba na mbegu, nguo, mikoba ya ngozi, na viti vya magurudumu. Wazee wa zamani wa karakana ni wa polio. Polio imepungua, lakini bodaboda zinahakikisha kazi ya viti vya magurudumu haikosi soko, na ninalisema hili bila mzaha.

Bara pia kuna maumivu ambayo hayakuanzishwa na ajali. Selimundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi ulioenea katika ukanda huu wenye malaria, na moja ya kazi zake ni kuziba mishipa inayolisha kichwa cha mfupa wa paja. Kichwa kinakufa, nyonga inasagika, na kijana wa miaka ishirini na tano anatembea kama babu yake. Dawa ya mwisho ni nyonga ya bandia. Aliyeifanya iwezekane ni John Charnley, kule Wrightington, Uingereza, na hakuanza vizuri. Nyonga zake za mwanzo, kama 300, alizitia kikombe cha teflon. Baada ya miaka michache zikasagika, vumbi lake likala mfupa, ikabidi azitoe. Alijidunga teflon paja lake mwenyewe, akaona nyama inavyoikataa. Mwaka 1962 akahamia plastiki nyingine, ngumu zaidi, na hiyo ikashika. Lakini angejuaje kwamba teflon imefeli? Aliwaita wagonjwa wake warudi, mwaka baada ya mwaka, akapiga picha, akapima, akakubali kuona kosa lake limesimama mbele yake linachechemea.

Nyonga ya bandia ina adabu zake: usiikunje kupita kiasi, isije ikateguka, hasa miezi ya mwanzo. Kwa mwenye kusali hilo si jambo dogo. Adhana ya alasiri ilinikuta barabara ya Bombolulu, nikaingia msikiti mdogo wa mtaani. Mwisho wa kila safu, ukutani, kulikuwa na viti vya plastiki vya waliofungwa, waliopigwa misumari, waliobadilishwa viungo na wale ambao goti limechoka tu. Nilihesabu saba. Kijana wa pembeni yangu, kiatu chake cha kulia kina soli nene kuliko cha kushoto, alikipita kiti chake na kusimama safuni. Tulipofika tahiyatu alishuka polepole, akanyoosha mguu mmoja mbele, akaushika kwa mikono miwili, akaukunja kidogo, akasikiliza, akaukunja tena kidogo.